Mafunzo ya teke la mbele kwa wanaoanza: mazuri, ila vidole vimesahauliwa

Nilijiandikisha katika mafunzo ya karate ya wiki sita kwa watu wasiowahi kurusha teke, nikitarajia kwamba siku ya kwanza tu ningekuwa nalitwanga gunia. Haikuwa hivyo. Kwa wiki mbili nzima mwalimu hakuturuhusu kugusa kitu chochote. Alitufundisha teke moja, lile la mbele ambalo wanakarate huliita mae geri na wanataekwondo ap chagi, na hilo nalo akaligawa vipande vinne: kuinua goti kisigino kikiwa karibu na paja, kukunjua mguu, kuukunja tena, ndipo kuuweka chini.

Nililolithamini zaidi ni msisitizo wake juu ya kipande cha tatu. Anayeanza hudhani teke limekwisha wayo unapofika mbele, akauacha mguu uanguke wenyewe na mwili ukaufuata, jambo linalompa mpinzani nafasi ya kuudaka. Tulisimama kando ya ukuta, mkono mmoja umeushika, tukarusha teke polepole mno kwa kuhesabiwa, na humo ndimo nilimogundua kwamba kisigino cha mguu wangu wa kusimamia kilikuwa kikinyanyuka na goti lake likikakamaa, makosa ambayo kasi ilikuwa imeyaficha. Zoezi hilo linachosha, tena linachosha kweli, lakini nisingekubali lipunguzwe hata dakika moja.

Kunyoosha viungo kabla ya kipindi kulikuwa kwa kawaida tu.

Kasoro kubwa iko kwenye vidole. Teke hili hupigwa kwa sehemu nene ya wayo iliyo nyuma ya vidole, hivyo havina budi kuvutwa juu huku kifundo kikinyooshwa kwenda mbele, mkao ambao mguu uliozoea viatu huukataa katakata. Mwalimu aliutaja mara moja, akaendelea na mengine. Wiki ya tatu tulipopewa pedi, yaani mito minene ya kupigia mateke, nilipiga kwa ncha ya kidole gumba, nikachechemea siku nne. Kusimama tu kwa sehemu hiyo ya wayo, visigino juu, dakika chache kila kipindi, kungetosha kuufundisha mguu mahali pa kupigia. Isitoshe, tulikuwa zaidi ya 20 kwa mwalimu mmoja, naye hangeweza kuona miguu ya kila mtu hata angetaka.

Alifanya vyema kutufundisha teke la kufyatua na kurudisha pekee, akaliacha lile la kusukuma kwa nyonga, ambalo humyumbisha asiyejua bado kusimama kwa mguu mmoja. Kufikia wiki ya sita niliweza kurusha teke kumi mfululizo kwa kimo cha tumbo bila kuyumba wala kushusha mikono. Anayetaka kujiunga namshauri ajiunge, ila asikubali kupiga pedi kabla mwalimu hajamkagua vidole.