Mkwawa kwa watoto: safari ya Kalenga au katuni?

Kwa mtoto wa darasa la tano hapa Iringa, vita vya Wahehe wa chifu Mkwawa na Wajerumani vinaweza kuanzia sehemu mbili: makumbusho ya Kalenga, au hadithi ya michoro.

Katuni haidai nauli, na kwa pigano la Lugalo haina mpinzani. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, unapita kwa mstari mrefu, Wahehe wamejificha vichakani. Mtoto akifunua ukurasa anashtuka kama aliyevamiwa yeye. Kasoro yake ni kwamba kifo kinageuka mchezo. Zelewski anaanguka, darasa linashangilia, na hakuna anayeuliza kuhusu askari wa Kiafrika waliokufa upande wake.

Kalenga ni kinyume. Jengo ni dogo, na mtoto aliyezoea simu atapiga miayo mbele ya mikuki. Ila akifika kwenye fuvu la Mkwawa, kelele zote za kwenye basi zinakwisha. Kwa nini walichukua kichwa? Kilirudije? Sasa mwalimu ana kazi: Mkwawa alijiua Julai 1898 asikamatwe, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaitaka Ujerumani ikabidhi fuvu lake, likarudi mwaka 1954. (Wengi hawaamini kwamba mkataba wa Ulaya ulimtaja chifu wetu. Ulimtaja, kifungu cha 246.)

Mimi nachagua Kalenga, hata kwa safari moja tu. Katuni wasome kwenye basi wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi wachore ya kwao, na wale askari wawemo.