ArcGIS Pro 3 kwa waliozoea ArcMap: hamisha .mdb kwanza

Habari zenu wadau wa ramani, hasa nyie wa Arusha na Moshi wenye kazi za viwanja, mashamba na hifadhi. Leo tunachambua ArcGIS Pro toleo la 3, programu ya kutengeneza ramani kwenye kompyuta, kwa mtu anayehama kutoka ArcMap, ile ya zamani. Esri, kampuni inayozitengeneza zote mbili, walitangaza kwamba msaada wa ArcMap unakoma tarehe 1 Machi 2026. Tarehe hiyo haiizimi programu. Inafunguka kama kawaida, ila haipati tena marekebisho. Basi kabla ya lolote: usiiondoe ArcMap kwenye mashine. Hizi mbili zinakaa kwenye kompyuta moja bila kugombana, na ya zamani bado utaihitaji.

Utaihitaji kwa sababu ya .mdb (Personal Geodatabase, hifadhidata ya ramani inayokaa ndani ya faili la Microsoft Access). Ofisi nyingi zina hifadhidata za aina hiyo tangu miaka ya nyuma, na Pro haisomi ramani zilizomo. Ukishafuta ArcMap, data yako imebaki ndani imefungiwa. Kwa hiyo fungua ArcMap, nenda dirisha la Catalog, bofya kulia kwenye folda, tengeneza File Geodatabase mpya (ndiyo .gdb), halafu nakili kila feature dataset (kundi la leya) kutoka .mdb na uibandike kwenye .gdb. Ukinakili dataset nzima, topolojia (kanuni za jinsi mipaka inavyogusana) na orodha za thamani zinakuja nazo. Ukitoa leya moja moja kwenda shapefile unapoteza vitu hivyo, na majina ya safu yanakatwa yabaki herufi 10. Ukimaliza, linganisha idadi ya rekodi pande zote mbili.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapokwama. Vichujio vya zamani havitafanya kazi. Kwenye .mdb uliandika [KATA] LIKE 'Mo*', yaani mabano ya mraba na nyota. Kwenye .gdb unaandika KATA LIKE 'Mo%'. Tena .gdb inatofautisha herufi kubwa na ndogo: ukitafuta 'moshi' na kwenye jedwali imeandikwa 'MOSHI', unapata sifuri, na hakuna ujumbe wa kosa. Leya inaonekana tupu tu, nawe unadhani data imepotea.

Baada ya hapo, ukiwa bado ndani ya ArcMap, bofya kulia faili la .mxd (ramani yako ya ArcMap) kwenye Catalog, chagua Set Data Sources, ulielekeze kwenye .gdb mpya. Ndipo uende Pro: kichupo cha Insert, Import Map. Ukiruka hatua hii, ramani itakuja imejaa alama nyekundu za mshangao.

Upande wa mashine: Windows ya biti 64, RAM isipungue GB 8. Hiyo 8 ni ya kufungulia mlango tu. Ukipakia picha za droni inalemewa. Kuanzia 3.3 inataka pia .NET Desktop Runtime 8. Bila hiyo, usakinishaji haukamiliki.

Tuje kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuainisha mahali kwa namba, jambo letu hasa huku Tanzania. Michoro mingi ya zamani iko Arc 1960 UTM kanda ya 37S, namba 21037, na GPS inatoa WGS 84, namba 32737. Pasipo mageuzi sahihi (transformation) kati ya hizo mbili, viwanja vinahama karibu mita 300. Pro inachagua mageuzi yenyewe, kimya kimya, kwa hiyo yakague. Bofya kulia jina la ramani, Properties, kisha Transformation. Kwa Tanzania chagua Arc_1960_To_WGS_1984_3. Ile yenye 1 mwishoni ni wastani wa Kenya na Tanzania pamoja, na kwa eneo la Moshi inatofautiana na ya 3 kwa karibu mita 5. Kwa ramani ya mkoa hutaiona tofauti hiyo, lakini kwa mpaka wa kiwanja ni ugomvi wa majirani.

Na mkumbuke longitudo 36 inapita kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu. Karatu na Ngorongoro ziko kanda ya 36S. Ukiingiza pointi za Karatu kama 37S, zitaangukia Bahari ya Hindi.

Skripti za Python nazo zinahitaji mkono wako, kwa kuwa tumetoka Python 2.7 kwenda 3. Moduli ya arcpy.mapping imekuwa arcpy.mp, na print inataka mabano. Hizo zitapiga kelele zenyewe. Ya hatari ni kugawanya: zamani 25000/10000 (mita za mraba kwenda hekta) kwa namba kamili ilitoa 2, sasa inatoa 2.5. Hekta zikibadilika baada ya kuhama, jibu jipya ndilo sahihi. Rudi ukasahihishe jedwali la zamani. VBScript kwenye Calculate Field haipo tena.

Mazuri yapo, na ni makubwa: mradi mmoja unabeba ramani na kurasa nyingi za kuchapa, na mwonekano wa pande tatu uko humo humo. Kilimanjaro na mita zake 5,895 unauinua bila kwenda ArcScene. Ila data ya miinuko na ramani ya chini vinavutwa mtandaoni. Kama bando ni dogo, nenda Options, Map and Scene, weka Basemap iwe None, na utumie DEM (faili la miinuko) yako mwenyewe.

Kuhariri hakuna tena Start Editing. Unaanza moja kwa moja. Lakini kuhifadhi mradi na kuhifadhi mabadiliko ya data ni vitufe viwili tofauti. Cha data kiko kwenye kichupo cha Edit.

Na kama mwenzako bado yuko Pro 2.9, mradi uliohifadhiwa kwenye 3 hautafunguka kwake. Mtumie .gdb, au hameni ofisi nzima siku moja.