Zoom F3 mbele ya kinanda cha Saint-Sernin, Toulouse

Ndugu watazamaji, karibuni. Bidhaa ninayoichambua leo ni Zoom F3, kinasa sauti kidogo kinachoenea kiganjani, kilichoingia sokoni mwaka 2022. Nimekipima mahali ambapo vinasa sauti vingi huumbuka: ndani ya basilika ya Saint-Sernin mjini Toulouse, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mbele ya kinanda cha mabomba ambacho fundi wa vinanda Mfaransa, Aristide Cavaillé-Coll, alikikamilisha mwaka 1889.

Kinanda hicho kina rejista 54 (yaani safu za mabomba, kila moja na sauti yake), kibodi tatu za mikono na moja ya miguu, nacho kimekaa kwenye roshani ya upande wa magharibi, nyuma ya waumini, katika kanisa lenye urefu wa mita 115 ambalo Papa Urban wa Pili aliliweka wakfu mwaka 1096. Kinachomtesa mrekodi hasa ni tarumbeta zake zinazoitwa chamade. Mabomba ya tarumbeta hizo hayakusimamishwa wima kama mengine, bali yamelazwa na kuelekezwa kanisani kama mizinga ya manowari, na mpiga kinanda anapozifungua baada ya kipande cha filimbi laini, sauti hupanda ghafla kiasi kwamba kinasa sauti cha kawaida, kikiwa kimetegeshwa kwa ajili ya zile filimbi, hupasua sauti yote. Ukikitegesha kwa ajili ya tarumbeta, filimbi nazo zinazama katika mvumo wa mashine yenyewe.

Hapo ndipo F3 inapostahili sifa. Haina kabisa kirungu cha kuongeza au kupunguza sauti inayoingia. Kila chaneli ina vigeuzi viwili vya kubadili sauti kuwa data, kimoja cha sauti ndogo na kingine cha sauti kubwa, na kazi yao huunganishwa katika faili la biti 32 za desimali inayoelea (32-bit float), yaani faili lenye nafasi ya sauti ndogo na kubwa kwa pamoja. Nilipolifungua faili kwenye kompyuta, wimbi la zile tarumbeta lilikuwa limegonga dari na kuonekana limekatwa bapa. Nikalishusha, na vilele vyake vyote vikajitokeza vizima, bila mkwaruzo. Kwa mtu aliyepewa nafasi moja tu ya kurekodi, huku mpiga kinanda akiwa juu na yeye yuko chini, hilo ni jambo kubwa kuliko maelezo yote yaliyoandikwa kwenye boksi.

Lakini msinielewe vibaya: F3 haina maikrofoni yake. Ni lazima uje na zako, na hapa ndipo rekodi nyingi za kinanda zinapoharibikia, hata zikitumia mashine ya bei mbaya. Bomba refu kuliko yote katika rejista ya futi 32 hutoa mitetemo takribani 16 kwa sekunde, chini ya kiwango ambacho sikio la binadamu husikia vizuri. Mtu huihisi kwenye benchi na kifuani kabla hajaisikia. Maikrofoni zinazopokea sauti ya upande mmoja, ambazo wengi wetu tunazo kwa sababu tunarekodi kwaya, hupoteza besi zikiwekwa mbali. Tumia jozi ya zile zinazopokea pande zote, uzitenganishe kwa nusu mita hivi, uzipandishe kwenye stendi ndefu iliyowekewa uzito miguuni, na uhakikishe kwamba kichujio cha kukata besi kimezimwa kwenye mashine.

Umbali nao una gharama yake. Ukiisogelea roshani, utapata kila rejista kwa uwazi, pamoja na mgongano mdogo wa mitambo chini ya vidole vya mpigaji, jambo ambalo binafsi nalipenda. Ukirudi nyuma kuelekea altareni, jengo linaanza kuimba lenyewe na noti za haraka zinamezana. Mimi nilipendelea sehemu ya ukumbi mkuu iliyo upande wa roshani, ambapo mwangwi unafuata noti badala ya kuitangulia.

Kuhusu umeme, maikrofoni hizo zinahitaji volti 48 kutoka kwenye mashine, na betri mbili ndogo inazotumia huisha upesi zikibebeshwa mzigo huo. Beba pawabenki na uiunganishe kwenye tundu la USB-C. Hifadhi ni kadi ya microSD, na rekodi ya stereo katika kilohezi 96 hula takribani gigabaiti 2.8 kwa saa.

Kwa anayepanga safari, mwezi wa Oktoba ndio wenye tamasha la kila mwaka la Toulouse les Orgues, ambapo vinanda vingi vya mji huo husikika. Kusikiliza si sawa na kurekodi, hata hivyo. Ombeni ruhusa ya mpiga kinanda, ya parokia na ya waandaaji mapema, tena kwa maandishi, kwa kuwa mpigaji ana haki juu ya upigaji wake hata pale muziki wenyewe, kama wa watunzi Widor au Vierne, waliofariki wote mwaka 1937, hauna tena mwenyewe wa kuudai.

Kama una maikrofoni nzuri tayari, nunua F3. Kama huna, anza na maikrofoni, kisha azima mashine yoyote yenye matundu ya XLR, yaani ya nyaya za maikrofoni.