Home Assistant kwenye nyumba ya KNX, Zigbee na AC za Modbus: uzoefu wangu Dodoma

Wadau, mi ni fundi umeme, kazi zangu nyingi ziko Iyumbu, Njedengwa na Ilazo, na siku hizi wenye nyumba wanakuja na mizigo ya kila aina, huyu kabeba swichi za Zigbee (zinaongea kwa redio, bila waya) toka Kariakoo, yule shemeji yake kamletea kitasa cha Z-Wave (redio ya aina nyingine) toka Marekani, alafu wote swali moja, fundi hivi vitaongea? Mi Home Assistant naitumia kujibu hilo swali, mambo ya kuwasha taa ukiwa kitandani utayasikia kwa wengine.

Home Assistant ni programu ya bure ya kuunganisha na kuendesha vifaa vya nyumbani vya aina tofauti toka sehemu moja. Yangu iko kwenye Raspberry Pi (kikompyuta kidogo), naenda nayo saiti pamoja na stiki ya Zigbee na kale kawaya ka USB kwenda RS485 (waya wa kupitishia data). Haihitaji intaneti kuendesha vifaa vya humo ndani, kwa hiyo bando likiisha taa bado zinatii.

Iliponikosha kweli ni nyumba moja ya Iyumbu. Mzee aliinunua ikiwa imeshakamilika, kufungua DB (boksi la kugawia umeme) nakuta ule waya wa kijani wa KNX, mfumo ambao swichi na taa zinatumiana ujumbe kwa waya, na moduli zimepangwa vizuri tu, ila aliyefunga hapatikani na faili la mradi la ETS (programu ya kompyuta ya kupangia KNX) hakuna anayelijua. Sasa KNX ni standadi ya kimataifa, ISO/IEC 14543-3, vifaa vya kampuni tofauti vinaelewana bila shida, lakini kitufe gani kinawasha nini hiyo siri iko kwenye mradi. Nikachomeka IP interface ya KNX (inaunganisha ule waya na mtandao wa nyumba), nikafungua group monitor ndani ya Home Assistant, inayoonyesha kila ujumbe unaopita kwenye waya, kijana wangu anazunguka vyumbani anabonyeza na mi naangalia, akigusa swichi ya sebuleni inapita 1/1/5 (anwani ya ile taa) na thamani yake, naandika, anaenda jikoni, naandika, hivo hivo mpaka nyumba nzima ikawa kwenye daftari. Taa za kuzima na kuwasha ni rahisi, kwenye dima na joto ndo unatoka jasho maana baiti moja inaweza kuwa asilimia au kitu kingine kabisa, lazima ujaribu. Na hapo bado huwezi kubadilisha programu ya kifaa chenyewe, hilo ni la ETS tu na leseni yake ni ya kulipia. Mngekuwa na lile faili la .knxproj Home Assistant inalisoma moja kwa moja na majina yote, kwa hiyo ukijengewa KNX lidai kabla hujamalizia hela ya fundi.

AC za nyumba hiyo zina Modbus, lugha nyingine ya vifaa kuongea kwa waya. Watu wanadhani waya ukiwa RS485 basi yameisha, hapana, Modbus RTU na BACnet MS/TP (lugha ya mitambo ya majengo) zote zinapita kwenye RS485 lakini ni kama Mgogo na Mrangi wamekaa siti moja kwenye basi la Kondoa kila mtu na lugha ya kwao, getiwei ndo Kiswahili. Hata Modbus kwa Modbus usinunue bila jedwali la rejista (namba za sehemu ambazo kifaa kinaweka taarifa zake), maana kifaa hakikwambii 40001 ni joto au ni spidi ya feni. Alafu hiyo 40001 ya kwenye karatasi mara nyingi ukiandika kwenye Home Assistant inakuwa 0, ukiisahau utasoma namba za jirani siku nzima. Na Modbus unaiandika kwa mkono kwenye YAML (faili la maandishi la mipangilio), Home Assistant haiitafuti yenyewe, hapo sijapapenda. Kwa wenye BACnet, ombeni karatasi inaitwa PICS, ndo inaonyesha kifaa kinaweza nini haswa.

Kitasa cha Marekani nilikirudisha kwa mwenyewe, kinatumia 908 MHz na stiki yangu ya Z-Wave ni ya Ulaya, 868, hapo haviwezi kusikiana. Zigbee ya 2.4 GHz haina hiyo shida ila angalia nyutro, swichi nyingi za Zigbee zinaihitaji na boksi nyingi za swichi huku kwetu zina laivu na waya wa kurudi kwenye taa tu. Na nembo ya Matter (standadi ya vifaa vya kampuni tofauti kuelewana) isikutie wazimu, kama kifaa kinatumia Thread (redio nyingine tena) unahitaji border router ya kuiunganisha na mtandao wa nyumba, cha WiFi hakihitaji.

Home Assistant naipa 8 kati ya 10. Moja nimekata kwa ile YAML, nyingine kwa sababu mama mwenye nyumba hawezi kuirekebisha mwenyewe fundi akiwa Singida. Ukiifunga weka SSD (diski) badala ya memori kadi, na UPS ndogo (betri ya akiba), memori kadi na umeme wa kukatika katika haviivi.