TAHADHARI kwa wanaotafuta foo wili ya kuvuta tela: kuna mtu anauza oto kwa namba za manyuo

Jamani mnaotafuta foo wili ya kuvutia tela someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu. Kuna muuzaji kila tangazo lake anaandika "inavuta kilo 3,500" na gari ni oto (gia zinajibadili zenyewe), kumbe hiyo namba si ya gari anayouza, ni ya mwenzake mwenye gia za mkono, yaani manyuo. Mimi nimeshapigwa, naandika ili asipigwe mwingine.

Nilikuwa nataka pikapu ya kuvutia boti. Tela, boti, mafuta na vikorokoro vyote vinafika kama kilo 2,900, na uzito huo nilimtajia mapema kabisa, akanijibu hii ni 3,500 hutausikia hata. Nikamuuliza, lakini hii si oto? Akasema injini ni ile ile, chasisi ile ile, kwa hiyo uwezo ni ule ule, akanitumia na picha ya ukurasa wa katalogi umeandikwa 3,500 kweli. Sikuona kwamba picha imekatwa juu, pale panaposema ni ya gia boksi gani.

Tukaenda kuiangalia. Akafungua boneti, akachomoa stiki ya gia boksi akaipangusa kwenye kitambaa cheupe, hidroliki (mafuta ya gia boksi) nyekundu safi kabisa. Ndoano ya nyuma imepakwa rangi nyeusi mpya, akasema hii haijawahi kuvuta kitu, mwenyewe alikuwa anaendea kazini tu. Tukazunguka nayo dakika kumi, gia zinaingia laini, nikalipa.

Wiki ya tatu nikafunga boti, mlima wa kwanza tu mambo yakaanza. Gia inapanda inashuka inapanda inashuka haijui ikae wapi, halafu injini inanguruma lakini gari haiongezi mwendo, halafu ikaja harufu ya kuungua na taa ya joto la gia boksi ikawaka. Nikasimama pembeni mikono inatetemeka maana nyuma nina karibu tani tatu na nipo kwenye mwinuko.

Fundi alipofungua sampo, lile bakuli la chini ya gia boksi, hidroliki ilikuwa kahawia inayoelekea nyeusi, na zile sumaku za chini zimevaa tope la kijivu zito kama manyoya. Akaniambia unga kidogo kwenye sumaku ni kawaida, huu si kidogo na si wa safari moja, gia boksi ilishachoka zamani ikamwagiwa hidroliki mpya ili iuzike. Nikaenda kuangalia ndoano, rangi imeshaanza kubanduka na chini yake chuma kimesuguka kinang'aa. Eti haijawahi kuvuta.

Halafu ndo nikatafuta kitabu cha gari chenyewe, jedwali la kuvuta lina mistari miwili, manyuo 3,500, oto chini ya hapo. Jina la gari yangu silitaji kwa sababu kampuni haikunidanganya, iliandika ukweli, aliyenidanganya ni aliyeuficha.

Na msije mkaondoka hapa mkidhani manyuo siku zote ndo inavuta zaidi, huo nao ni mtego, kuna watu watakuuzia manyuo kwa maneno hayo hayo. Angalia Toyota Hilux foo wili ya dizeli iliyoingia Australia kuanzia 2015, manyuo kilo 3,500, oto kilo 3,200, mpaka maboresho ya 2020 ndo oto nayo ikapandishwa ikafika 3,500. Kwa hiyo mtu akiwa na oto ya 2017 akikuonyesha katalogi ya 2021 anakuongezea kilo 300 ambazo gari haina. Sasa geukia Jeep Gladiator Rubicon ya 2020, injini moja ya V6 lita 3.6, manyuo pauni 4,500, oto pauni 7,000, yaani oto imeiacha manyuo kwa zaidi ya tani moja. Kwa hiyo yale maneno ya "injini ni ile ile" hayana maana yoyote, ukiyasikia shtuka.

Sababu ni hivi. Kwenye oto kati ya injini na gia kuna toki konveta inayosukuma kwa mafuta, pale gari inapoanza kuondoka inaweza kuzidisha nguvu karibu mara mbili, ndo maana oto inaondoka na tela mlimani bila kuhangaika. Lakini muda wote inapoteleza inazalisha joto, na joto lote linaingia kwenye hidroliki, kama kula yake (kile kipozeo cha hidroliki) ni ndogo au haina ya ziada ndo inaungua kama yangu. Manyuo shida yake iko mwanzoni, klachi ndo inabeba mzigo wote wakati wa kuondoka, ukiondoka na tela zito mara tatu nne kwenye mwinuko unaanza kuinusa, lakini ikishashika haitelezi tena. Kampuni inapima gari yake inaona kipi kitakufa kwanza, namba inatoka hapo.

Kingine alichonifanyia, alinionyesha kibati kilichopigwa kwenye chuma cha ndoano, 3,500. Ile ni namba ya chuma, fundi yeyote anaweza kukifunga kwenye gari yoyote na gari isiongezeke nguvu hata kilo moja. Tafuta uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja, uko kwenye kitabu, na magari mengi kwenye kibao chenye namba ya chasisi pia. Tuseme ni kilo 5,500, gari yako ikiwa na watu na mizigo ni 2,700, umebakiwa na 2,800 hata kama tangazo linasema nini.

Na oto usiijaribu ya baridi dakika kumi kama mimi. Endesha nusu saa au zaidi, ipandishe mlima, ikiwezekana na mzigo nyuma, halafu ndo uchomoe stiki uinuse.

Nilipompigia simu akasema gari uliikagua mwenyewe. Jana nimeona ameweka nyingine, oto tena, maneno yale yale "inavuta kilo 3,500" na ndoano nyeusi inang'aa kwa rangi mpya. Nikamwomba kwa namba nyingine picha ya kibao na ya ule ukurasa wa kitabu, nzima bila kukata. Ameisoma, akaniblock.