Kabla ya kununua kompyuta ya mezani ya mtumba, fungua mfuniko uhesabu pini

Ilikuwa mwezi wa nane, wanafunzi wanaomba mkopo wa elimu ya juu, na foleni ya steshenari yangu pale Morogoro imefika barabarani. Mtoto wa watu ameshajaza fomu yake, kilichobaki ni kuiprinti, aipeleke serikali ya mtaa ikapigwe muhuri, arudi tuiskani. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili mashine haikuwaka. Feni ilizunguka kidogo ikasimama, ikajaribu tena, ikasimama. Nilikuwa nimeinunua Kariakoo miezi minne tu nyuma, kwa laki tatu na elfu arobaini.

Fundi alikuja akaifungua, akanusa, akasema, "Dada, pawa saplai imeungua. Kazi ya dakika kumi hii." Kweli, baada ya nusu saa alirudi na pawa saplai mpya ndani ya boksi, kile kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine. Alipotaka kuchomeka waya kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, kichwa kikagoma. Alichokuja nacho kina pini 24, na tundu la mashine yangu halikufika hata nusu ya hizo. Tulizunguka maduka manne ya Morogoro siku ile, kisha tukapiga simu Dar. Iliyopatikana ilikuwa imeng'olewa kwenye mashine nyingine mbovu, laki moja na nusu, bila waranti hata ya siku moja. Wiki tatu nzima nilikuwa nawaelekeza wateja wangu kwa jirani.

Kwa hiyo humu sitazungumzia ukubwa wa RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) wala wa diski. Hayo muuzaji atakutajia kabla hujamaliza kusalimia. Nazungumzia umeme unaingiaje ndani ya mashine, na siku kifaa hicho kikifa utapata wapi kingine.

Tuanze na mashine uliyonayo, maana wengi wananiandikia wakitaka kununua nyingine wakati ya kwao haijafa. Saa ikirudi nyuma miaka kila ukiwasha, ni betri ndogo ya duara kwenye mazabodi, CR2032, na unaweza kuibadilisha mwenyewe. Ikiwaka ikapiga mlio wa kurudia bila kuleta picha, zima, chomoa waya wa ukutani, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, rudisha mpaka isikike ikibana. Ikiwa nzito mno, au diski inagonga tik-tik, nakili kazi zako leo hii, si kesho, kisha weka SSD, diski isiyozunguka. Ikizimika yenyewe baada ya dakika kumi na ina joto, toa vumbi kwenye feni, weka dawa mpya ya joto juu ya prosesa.

Ila ikiwa inajaribu kuwaka na kusimama kama yangu, au iko kimya kabisa, shuku pawa saplai kwanza. Mashine nyingi za Dell OptiPlex za zamani zina kitufe kidogo na taa nyuma, kwenye pawa saplai yenyewe. Chomeka waya, bonyeza: taa ya kijani ikiwaka, pawa saplai ni nzima, tafuta ugonjwa kwingine. Isipowaka, chomoa nyaya zote za ndani ujaribu tena, maana inawezekana kuna kitu kingine kinachoivuta chini. Ila boksi lenyewe la pawa saplai usilifungue kamwe. Kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomoa ukutani.

Kutengeneza au kubadili? Mimi naangalia kizazi cha prosesa. Kwenye stika ya Intel au kwenye taarifa za mashine utaona mfano i5-4590: hiyo 4 ya mwanzo ndiyo kizazi. i5-8500 ni kizazi cha 8. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine ya kizazi cha 4 iliyokufa mazabodi, au pawa saplai isiyo ya kawaida kama yangu, usiitupie laki na nusu. Toa SSD yako uhame. Iliyokufa betri, RAM au diski, tengeneza uendelee na kazi.

Sasa zile pini. Pawa saplai ya kawaida inatoa volti 12, 5 na 3.3, na waya wake mkuu una pini 24. Kampuni kubwa zilipotengeneza mashine za maofisini zilianza kutoa volti 12 tu, mazabodi ijigawie yenyewe, na kila kampuni ikaja na kichwa chake. Dell OptiPlex 9020 ina pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ina 6. Lenovo ThinkCentre M93p ina 14. Kwenye zile nyembamba za kulaza hata umbo la boksi ni la peke yake, kwa hiyo hata ukipata kiunganishi cha waya, pawa saplai ya kawaida haiingii ndani ya kasha. Na mashine za aina hiyo ndizo zimejaa madukani.

Ndiyo maana ninachokipendekeza cha kwanza ni HP EliteDesk au ProDesk Mini, zile za kasha dogo, kuanzia G4, ambayo ni kizazi cha 8. Nasema wazi kwamba naipenda HP. Mini haina pawa saplai ndani. Inatumia adapta ya nje, na adapta hiyo ni chaja ileile ya laptopu za HP yenye pini ya bluu, ambayo hata vijana wa stendi ya Msamvu wanayo. Ikifa saa nne asubuhi, saa tano unaprinti. Soma maandishi ya chaja: unataka volti 19.5 na ampia 3.33, yaani wati 65. Kuna ya ampia 2.31 inayofanana nayo kwa kila kitu, kichwa kilekile, lakini ni wati 45, na mashine itakuangusha kazi ikizidi. Mini zenye prosesa isiyo na herufi T mwishoni zinataka ya wati 90. Faida nyingine, Mini ya chaja ya wati 65 inaishi ndani ya wati hizo, kwa hiyo UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika) inakuvusha muda mrefu zaidi na luku inapumua.

Jua mambo mawili kabla hujalipa. RAM ya Mini ni ndogo, ya laptopu, ile ya mashine yako ya zamani haitaingia. Na picha inatoka kwa tundu la DisplayPort, kwa hiyo skrini yako ya zamani yenye waya wa VGA itahitaji kigeuzi. Kidai kigeuzi kabla ya kutoa hela, si baada.

Ya pili ni Lenovo ThinkCentre Tiny, M720q kwenda juu. Imara sana, adapta yake ni ya laptopu za ThinkPad, kichwa cha mstatili cha manjano ndani. Imekosa nafasi ya kwanza kwa sababu chaja hiyo mikoani ni lazima uisake.

Ya tatu ni Dell OptiPlex Micro, 3060 kwenda juu. Chaja za Dell zipo, ila ile sindano ya katikati ya kichwa ndiyo inayoitambulisha chaja kwa mashine. Ukichomeka isiyo halisi mashine inakupa onyo na inapunguza mwendo wake yenyewe. Kama huna uhakika wa chaja halisi, achana nayo.

Mashine nyembamba za kulaza, chapa yoyote, naziweka mwisho. Ukilazimika, nunua pamoja na pawa saplai ya akiba siku hiyohiyo. Kompyuta za kuunga, zilizokusanywa na mafundi kutoka vipande tofauti, za bei ya chini zina pini 24, sawa, lakini boksi la pawa saplai limeandikwa wati 500 na ukilinyanyua ni jepesi kama mkate. Mimi sizipendekezi.

Na wauzaji tusemezane. Mashine inakuja na adapta yake halisi kutoka Ulaya au Dubai, inatolewa, inauzwa peke yake, mteja anapewa ya bandia kwa bei ileile. Ukiuliza waranti unaambiwa miezi mitatu, "isipokuwa umeme." Kwa nchi ambayo umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, nini kingine kitaua kompyuta? Nimelipa nauli, nimepakata mashine kama mtoto njia nzima, halafu kifaa kinachokufa kuliko vyote hakimo kwenye waranti. Hiyo siikubali, na nawaomba na ninyi msiikubali. Iandikwe kwenye risiti, "pamoja na adapta," kwa mkono wa muuzaji.

Niliporudi Kariakoo mara ya pili niliingia maduka mawili nikaomba mfuniko ufunguliwe. La kwanza waliniambia nitaharibu stika ya waranti. La pili, kwamba nachelewesha wateja. Duka la tatu kijana alichukua bisibisi kabla sijamaliza sentensi, akanionyesha RAM, akaigeuza adapta nisome mwenyewe: 19.5, 3.33. Nikamwambia, "Mdogo wangu, niongezee na adapta ya pili." Ipo kwenye droo ya mbele, chini ya rimu za karatasi, bado kwenye nailoni yake.