Mkasi wa mikono mirefu dhidi ya mmea uliotaka hatimiliki ya nyumba

Ninachokipima hapa ni mkasi wa kupogolea wenye mikono mirefu, ile aina ya makali mawili yanayopishana. Maoni mengi niliyoyasoma kabla ya kuununua yameandikwa na watu wanaokata vijiti vya waridi. Kesi yangu ilikuwa nyingine. Mmea tambazi ulikuwa umepanda ukuta wa nyuma, ukavuka mfereji wa paa, ukachungulia chini ya vigae, na dirisha la jikoni ukaliziba kabisa. Tukiosha vyombo mchana tunawasha taa. Bomba la uani lilipotea. Kamba ya nguo ilikuwepo bado, ila shati uliloanika asubuhi, jioni ilibidi ulidai. Mume wangu alifikia hatua ya kupiga hodi kabla ya kutoka nje.

Kila mtu hushauri panga. Panga lina raha yake, sikatai: majani yanaruka, kelele zinasikika, na mtu unajiona jemadari. Lakini kufyeka matawi ya juu ni kumnyoa mtu ndevu, mizizi haina hata habari. Tena karibu na ukuta panga halichagui. Litakata shina, rangi, plasta, na waya ambao hukujua umepita hapo. Mkasi huu unaingia taratibu ndani ya majani ambako mkono wenyewe unasita kwenda, maana humo mna nyigu, buibui na wapangaji wengine wasiolipa kodi.

Kuhusu makali. Ipo aina nyingine ambayo wembe mmoja hushuka juu ya bamba bapa. Hiyo inafaa matawi makavu. Shina bichi hulipondaponda. Kwenye huu, kali moja huteleza ubavuni mwa mwenzake na kukata safi. Shina la unene wa kidole gumba linakwenda bila kukunja uso. La unene wa kifundo cha mkono usijaribu, chukua msumeno.

Mmea wetu ni ule wa Ulaya uitwao Hedera helix. Unashika ukuta kwa vijizizi vidogo vilivyojipanga shinani, navyo hutoa gundi yao. Ukiuvuta ukiwa mbichi, unashuka na rangi, na pengine plasta. Kwa hiyo unakata mashina yote chini, karibu na udongo, unaondoa kipande cha urefu wa shubiri ili ncha mbili zisitazamane, kisha unaondoka. Ndiyo, unaondoka. Baada ya wiki kadhaa majani yanakauka yote, matawi yanavunjika kwa vidole, na hapo ndipo unayashusha. Alama za vijizizi hubaki ukutani, za kusuguliwa kwa brashi ngumu. Visiki navyo vitachipua tena. Unakata machipukizi kila yanapotokea, kwa sababu jani ndilo linalolisha mzizi. Wapo wanaopaka glifoseti, dawa ya kuua magugu, kwenye kisiki kibichi mara tu baada ya kukata. Mimi sikuipaka, kwa kuwa pale chini pana miche mingine ninayoipenda.

Msinione nakuza mambo. Mwaka 1876, kwenye maonyesho ya Philadelphia, Wamarekani walionyeshwa mmea wa kudzu, wakaupenda kwa kivuli cha baraza. Miaka ya 1930 serikali ikawalipa wakulima waupande kuzuia mmomonyoko wa udongo. Majira ya joto kudzu unaweza kurefuka hadi sentimita 30 kwa siku. Umefunika miti, magari na nyumba nzima. Baadaye serikali hiyohiyo ikauhesabu kuwa gugu. Wangu hauna kasi hiyo, ingawa nashuku habari zake umezisikia.

Kasoro sasa. Mkasi unataka mikono yote miwili, kwa hiyo juu ya ngazi hubaki na mkono wa kujishikia. Kwa hilo peke yake ningeukataa, isipokuwa kazi yote ya maana kwenye mmea huu iko chini, usawa wa vifundo vya miguu. Vishikio vya mpira vinateleza viganja vikitoka jasho. Utomvu unaganda kwenye makali, ufute kwa spiriti kila umalizapo na udondoshe mafuta kwenye nati. Nati yenyewe inalegea kwa kazi nzito, na spana hawakuweka. Vaa glavu na nguo ya mikono mirefu pia, hasa kama una ngozi nyepesi: utomvu wa Hedera huwasha na kutoa vipele kwa baadhi ya watu. Shemeji yangu alikuja kusaidia kavaa fulana, akajikuna hadi wiki iliyofuata huku akimlaumu mbu.

Naupa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya vishikio, na kidogo kwa sababu ya picha iliyo kwenye boksi: dada kavaa suruali nyeupe, anakata kijiti kimoja, anatabasamu.